Daraja Lifunguliwe Saa Ngapi?

Siku aliyozikwa maalim wangu wa chuoni, mimi nilikuwa ndani ya feri ya Likoni nikitazama meli ya makontena ikipita. Taarifa ilikuja asubuhi: anasaliwa baada ya adhuhuri, ng'ambo, kisiwani. Nilitoka nyumbani mapema, au niseme nilidhani ni mapema. Feri ilikuwa imeshapakia watu, magari, mikokoteni na mbuzi wawili waliofungwa kamba moja, lakini haikung'oka. Meli inaingia Kilindini, na meli ikiingia Kilindini feri hutulia mpaka ipite. Kila anayeishi upande wa Likoni anaujua utaratibu huo kama anavyojua saa za maji kujaa na kupwa.

Kando yangu alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya viua na mfuko wa dagaa. Nikamwambia, kwa hasira ambayo haikumhusu, "Mzee wangu, hivi sisi mamia yote haya ndio tumngojee mmoja?"

Akacheka kidogo. "Yule hana breki, mwanangu. Sisi tunazo."

Nilipofika msikitini sala ya jeneza ilikuwa imekwisha.

Siandiki haya kumlaumu mtu. Nahodha wa feri alifanya alilotakiwa kufanya, meli nayo ilikuja kwa saa yake. Lakini tangu siku ile swali moja halijaniachia: njia mbili zikikatana na wote hawawezi kupita kwa pamoja, nani angoje? Na kwa hesabu gani? Swali hili lilinipeleka mahali ambapo sikutarajia. Nimekuwa mtu anayesoma ratiba za madaraja ya kufunguka. Wenzangu wanasoma riwaya, mimi nasoma ni saa ngapi daraja fulani la mbali litanyanyua mabawa yake. Nivumilieni, naahidi mambo yamo humo.

Daraja la kufunguka, kwa ambaye hajaliona, ni daraja ambalo sehemu yake moja huinuka, huzunguka au husogea pembeni ili chombo chenye mlingoti mrefu kipite chini. Hujengwa pale ambapo kujenga daraja refu la juu ni ghali, au ardhi haitoshi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza daraja la namna hii ni maafikiano: watu wa barabara wamepewa njia juu ya maji kwa sharti kwamba watasimama watu wa maji wakitaka kupita. Kila likifunguka, upande mmoja unautimizia mwingine ahadi. Na ahadi hii ina gharama. Lazima awepo mtu wa kulifungua, umeme wa kuliinua, mafuta ya mashine, fundi wa kuitazama. Magari yanapanga foleni. Mwenye daraja anatazama bili yake mwisho wa mwezi na kuuliza swali la haki kabisa: kwani ni lazima tulifungue kila mtu apigapo honi?

Daraja maarufu kuliko yote ya aina hii ni Tower Bridge la London. Wengi wetu tumeliona kwenye picha tukadhani ni ngome. Bunge la Uingereza liliruhusu lijengwe kwa sheria ya mwaka 1885, nalo likafunguliwa 1894. Juu yake, kuelekea katikati ya mji, kulikuwa na gati zenye shughuli nyingi, na meli zenye milingoti zilihitaji kuzifikia. Ndiyo sababu ya yale mabawa mawili. Mwaka wake wa kwanza liliinuliwa zaidi ya mara 6,000. Siku hizi ni kama mara 800 kwa mwaka. Mwenye chombo cha kuanzia mita 9 kwenda juu hutoa taarifa saa 24 kabla, na halipi hata senti. Magari, mabasi na watalii wenye simu zao wanasimama.

Mei 1997 Rais Bill Clinton wa Marekani alikuwa London kumtembelea Tony Blair. Msafara wake ulikuwa unavuka Tower Bridge wakati tishali moja la matanga, jina lake Gladys, lilipofika kwa saa lililoandikishiwa. Daraja likainuka. Msafara ukakatika vipande viwili, rais upande huu, baadhi ya magari yake upande ule, na walinzi wakibabaika. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kwa kweli kinachekesha. Lakini mimi kila nikikikumbuka hukiona kama somo la fiqhi. Gladys alikuwa ameomba zamu, akapewa, akafika kwa wakati. Cheo cha aliyekuwa barabarani hakikuwa sehemu ya hesabu.

Hebu nikate utamu kidogo. Ukarimu wa Tower Bridge una siri yake, na siri ni pesa. Daraja lile linatunzwa na mfuko wa zamani sana wa madaraja ya London, uliokusanya ushuru, kodi za nyumba na wakfu tangu zama za kale, na sasa ni taasisi tajiri. Wanafungua bure kwa sababu wanaweza. Na wanafungua mara 800 tu. Kumheshimu mgeni si kazi ngumu ukiwa na ghala limejaa na wageni wachache. Ukitaka kuujua moyo wa mtu, mtazame siku mgeni amekuja na unga umebaki kibaba.

Basi twende kwenye unga wa kibaba. Marekani madaraja ya kufunguka ni mengi, na wenyewe ni majimbo, kaunti, majiji na makampuni ya reli, ambao wengi wao hulia kila mwaka kwamba bajeti haitoshi. Anayeamua saa za kufungua, hata hivyo, si mwenye daraja. Tangu 1967 kazi hiyo ni ya Jeshi la Walinzi wa Pwani. Mwenye daraja akitaka kupunguza saa lazima aandike maombi na kutoa sababu, wananchi wapewe muda wa kusema, na mara nyingine ratiba mpya ijaribiwe kwanza kwa miezi kadhaa. Nimependa hilo. Anayebeba gharama si yeye anayepiga muhuri.

Kanuni yenyewe ya msingi ni fupi na haina maringo: daraja lifunguke mara moja na kikamilifu chombo kinapoomba. Kuna hata lugha yake ya honi. Chombo kinapiga mlio mmoja mrefu na mmoja mfupi, maana yake naomba nipite. Daraja likijibu vile vile, mrefu na mfupi, maana yake karibu. Likijibu kwa milio mitano mifupi ya haraka, maana yake haiwezekani, au limeanza kufungika, kaa mbali. Nimejaribu kuwazia nahodha mwenye umri wa mzee wangu wa feri, jioni, upepo unamsukuma mgongoni, amepiga mrefu na mfupi, na sasa anatega sikio.

Baada ya kanuni ile fupi huja kurasa na kurasa za isipokuwa. Jimbo kwa jimbo, mto kwa mto, daraja kwa daraja. Hili halilazimiki kufunguka usiku. Lile lataka taarifa ya saa 24. Hili hapa, kwa sentensi moja kavu, halilazimiki kufunguka kabisa. Daraja lenye mabawa ambalo limesamehewa kuruka. Mtu anayependa fasihi atayaona mambo humo, wallahi. Kila isipokuwa ni ugomvi uliokwisha, na hatuambiwi nani alirudi nyumbani amenuna.

Chukua Mto Miami, Florida. Pale madaraja yako karibu karibu katikati ya jiji. Kanuni inasema kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:35 hadi saa 2:59 asubuhi, na tena jioni mpaka saa 11:59, hayalazimiki kufunguka. Zitazame zile dakika. Si saa moja na nusu, ni moja na dakika thelathini na tano. Mtu alikaa mezani akapigania dakika tano! Na mwisho wake dakika moja kabla ya saa kamili, ili mashua inayofika saa tatu juu ya alama isiambiwe imechelewa wala imewahi. Hao ni watu waliojua kwamba ratiba ni kugawana, na mgawo hupimwa kwa kijiko.

Lakini kanuni hiyo hiyo inasema kwamba vyombo vya serikali, tagi, tagi zinazovuta vyombo vingine, na chombo chochote ambacho kucheleweshwa kwake kutahatarisha maisha au mali, vipite saa yoyote. Mto ule una meli ndogo za mizigo zinazopeleka bidhaa Haiti na visiwa vingine vya Karibiani, na meli hizo huvutwa na tagi. Kwa hiyo karani aliyekwama kwenye foleni saa mbili asubuhi bado anaweza kusimamishwa na mzigo wa Haiti. Hatasimamishwa na tajiri aliyetoka kunyoosha tanga lake. Kazi ipite, starehe ingoje.

Hapo moyo wangu ulitaka kupiga makofi. Halafu nikamkumbuka mzee na breki zake.

Kwa sababu hesabu ya haraka, ile tunayoifanya sote, ni ya kuhesabu vichwa. Mashua moja ina watu wawili, barabara ina magari mia tatu; zidisha kwa dakika, na mashua imeshindwa kabla hata haijapiga honi. Ingekuwa hesabu ndiyo hiyo tu, madaraja yote yangefungwa kwa misumari. Kinachokosekana ni vitu viwili ambavyo vichwa havivioneshi. Kwanza, gari likisimama limesimama. Dereva anavuta breki ya mkono, anafungua redio, analalamika. Chombo majini hakisimami. Mkondo unakisukuma, upepo unakigeuza, nyuma yake kuna wengine wanaokuja, mbele yake kuna chuma. Kungoja barabarani kunachosha. Kungoja majini kwaweza kuzamisha. Dakika kumi za huku na dakika kumi za kule si kitu kimoja, ingawa saa inazisoma sawa.

Pili, barabara ina ubavu. Daraja hili likifunguka, mara nyingi kuna jingine mtaa wa tatu. Utazunguka, utachelewa, utafika. Mto hauna mtaa wa tatu. Aliyefungiwa mtoni amefungiwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni wangapi, nadhani tuulize ni nani asiyekuwa na njia nyingine. Na jibu la swali hilo si "watu wa maji" siku zote. Pale Likoni, kwa miaka mingi, mwenda kwa miguu ndiye aliyekuwa hana ubavu. Jambo hilo nitalirudia.

Sasa Chicago, maana hapo ndipo ugomvi huu ulipopikwa ukaiva. Wenye mashua za matanga za Chicago huzihifadhi wakati wa baridi katika yadi zilizo juu ya mto, ndani, mbali na Ziwa Michigan. Majira ya kuchipua yakifika, mashua hushuka kwenda ziwani. Vuli ikifika, hurudi. Kati ya yadi na ziwa kuna zaidi ya madaraja ishirini, mengi yakiwa katikati kabisa ya jiji, na milingoti haipiti chini yake. Zamani mwenye mashua aliweza kuomba na kufunguliwa. Jiji likachoka. Kila mashua moja moja ilimaanisha barabara ishirini na kitu zifungwe moja baada ya nyingine, na wafanyakazi walipwe kwa kila daraja. Miaka ya 1990 ubishi kati ya jiji na wenye yadi ulifika hadi mahakama ya shirikisho. Mwisho wake ikawa ni siku maalum, taarifa kabla, na mashua zipite kwa misafara.

Wanaoshuhudia wanasema ni kitu cha kutazamwa. Jumatano au Jumamosi, mashua zimejipanga kama harusi, daraja la kwanza linainuka, zinapita, linashuka, la pili linainuka. Makundi ya wafanyakazi yanarukana: waliomaliza kufungua daraja la kwanza wanapanda gari na kukimbilia la mbele, kwa sababu jiji halina haja ya kuweka mtu katika kila kibanda. Watu wachache, madaraja mengi. Aliyepanga vile hakuwa mjinga, na mimi sitajifanya kwamba utaratibu ule ni dhuluma. Mwenye mashua ya starehe anayeambiwa "njoo Jumatano na wenzako" hajaonewa. Hata harusi ina siku yake.

Ila kuna kitu kimebadilika, na nataka tukitazame polepole. Jana ulikuwa na haki: ulipiga honi, ukafunguliwa. Leo una ombi: unapiga simu, unaandikishwa, unaambiwa siku. Mtu mwenye simu, mwenye klabu, mwenye katibu wa klabu, haoni tofauti. Mtu aliye peke yake anaiona vizuri sana. Aliyechelewa kwa sababu injini ilikufa. Asiyejua kwamba ratiba imebadilika. Anayeishi ndani ya mashua yake na hana bandari ya kudumu. Kwa mwenye kujipanga, ratiba haina gharama yoyote. Gharama yake yote inaangukia kwa asiyejua au asiyeweza kujipanga. Na pesa ambazo jiji linasema limeokoa, nyingine zimeokolewa kweli, lakini nyingine zimehamishwa tu. Zimetoka kwenye kitabu cha mhasibu, ambako zilikuwa mishahara, zikaenda kwenye siku za watu, ambako ni kungoja. Kungoja hakuna risiti.

Kisha kuna kitabu chenyewe. Mwenye daraja anapoomba apunguziwe saa, huja na kumbukumbu za daraja: mwezi fulani lilifunguliwa mara ngapi, usiku mara ngapi. Anasema, tazameni, usiku wa manane chombo kimoja kwa wiki, ya nini kumweka mtu? Hoja ina uzito. Lakini kitabu cha daraja huandika waliopita. Hakiandiki aliyetazama ratiba akaamua kuhamia yadi nyingine. Hakiandiki aliyegeuza tanga. Ukiweka taarifa ya saa nne, baadhi wataacha kuja, mwaka wa pili kitabu kitaonesha wamepungua, utaomba saa 24, wataacha wengine, mwaka wa tano kitabu kitakuwa cheupe na utaomba usilazimike kufungua kabisa. Hapo utakuwa hujasema uongo hata siku moja. Kila ombi lilikuwa na ushahidi. Ila ushahidi ule ulikuwa unakua kwenye shamba ulilolipanda mwenyewe.

Na hili si la madaraja peke yake, mnalijua. Zahanati iliyofungwa usiku kwa sababu wagonjwa wa usiku ni wachache. Maktaba inayofunguliwa saa za kazi tu, kisha ikaripoti kwamba wafanyakazi hawapendi kusoma. Basi la mwisho lililofutwa kwa kukosa abiria, baada ya miezi ya kutokea siku likipenda.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana nisipogeuka mtanijua kuwa mimi ni yule abiria wa feri mwenye hasira bado. Kuna mtu kwenye kile kibanda. Kudai kwamba daraja liwe tayari saa 24 ni kudai kwamba binadamu fulani akae macho usiku kucha, mwezi kucha, akingoja honi ambayo huenda isipigwe. Mjomba wangu alikuwa mlinzi wa usiku wa ghala kwa miaka mingi. Nilimwuliza mara moja kama hakuchoka kulinda kitu ambacho hakuna aliyekuja kukiiba. Akaniambia, "Mpwa wangu, hawakuja kwa sababu nilikuwapo." Jibu zuri. Lakini nilikuwapo pia alipostaafu, na najua usiku ule ulimfanya nini mwilini. Anayetetea haki ya chombo kimoja kwa wiki ajue analipia haki hiyo kwa usingizi wa mtu mwingine. Mshahara si kila kitu katika hesabu ya kibanda.

Ndiyo maana wengi wamekimbilia kamera. Uholanzi, nchi ya mifereji, zamani mlinda daraja aliteremsha kiatu cha mti kwa fimbo na uzi kama ya mvuvi, na mwenye mashua akatia sarafu humo. Siku hizi madaraja mengi huko huendeshwa kutoka chumba cha mbali, mtu mmoja na skrini nyingi. Usiku kucha daraja liko tayari, na hakuna anayeota baridi. Ungedhani tumemaliza. Februari 2015, mjini Zaandam, mwanamke mmoja alikufa baada ya daraja linaloendeshwa kwa mbali kuinuliwa yeye akiwa juu yake. Haraka utasema: ndio ubaya wa kamera. Lakini mwaka 2022 huko Florida mwanamke mwingine alikufa vivyo hivyo akivuka na baiskeli yake, na daraja lile lilikuwa na mtu kibandani. Macho ya mtu si dawa, wala kamera si shetani. Ninachoweza kusema ni kwamba bei ya kufungua daraja haiishii kwenye bili ya umeme, na yeyote anayepunguza gharama aseme wazi anapunguza jicho la nani.

Narudi nyumbani, kama nilivyoahidi. Januari 2021 Mombasa tulipata daraja letu la kufunguka. Lilikuwa linaelea, la waenda kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni, lililojengwa wakati wa korona ili kupunguza msongamano wa feri. Sehemu yake ilisogea ili meli zipite. Kwetu mambo yalikuwa kinyume na Chicago. Kule barabara ndiyo kawaida na mashua inaandikishiwa saa. Kwetu meli ndiyo kawaida, na watu wakaandikishiwa saa: asubuhi wakati wa kwenda kazini, na jioni wakati wa kurudi.

Nililipenda daraja lile. Nililivuka mara kadhaa, maji yakicheza chini, upepo mtupu, hakuna kusukumana. Na sikuona ajabu kwamba meli ipewe nafasi. Nguo niliyovaa ilikuja kwa meli, na ngano ya mahamri yangu pia. Lakini zitazame saa zile na uulize zilipangwa kwa kumfikiria nani. Mtu wa ofisi. Kibarua wa asubuhi. Muuguzi anayemaliza zamu usiku hakuwamo. Mama muuza samaki, ambaye saa yake hupangwa na bamvua, hakuwamo. Wala hakuwamo mtu aliyeambiwa saa tano asubuhi kwamba maalim wake anasaliwa adhuhuri. Hao walirudi kwenye feri, na feri ikatulia meli ikipita.

Mkiniuliza ningepanga vipi, jibu langu si la kishujaa. Ningekubali ratiba. Ningekubali misafara, siku maalum, hata dakika tano za Miami. Ila ningedai mambo matatu ambayo mhasibu hayapendi. Mlango wa dharura usiwe na kufuli, na anayesema ana dharura aaminiwe kwanza, aulizwe baadaye. Aliye peke yake asilazimishwe kutafuta kundi ndipo apite; walau mara moja kwa wiki daraja lifunguke kwa mtu mmoja kama linavyofunguka kwa ishirini. Na kabla ya kupunguza saa tena, mwenye daraja alete daftari la pili, la waliogeuka. Najua daftari hilo ni gumu kuandika. Aende gatini akaulize. Akae kwenye feri siku moja, bila gari la ofisi.

Nilipotoka msikitini siku ile niliwafuata makaburini kwa miguu. Niliwakuta wanarudi, kanzu zina vumbi magotini. Mtoto wa marehemu, tuliyesoma pamoja chuoni na kuchapwa pamoja, alinishika mkono hakuuachia.

"Tulikungoja, kaka," akasema. "Nilimwambia imamu, yuko njiani. Tukangoja kama dakika kumi hivi. Halafu wazee wakasema basi, maiti hasubirishwi."

Nikamwambia kulikuwa na meli.

"Ilikuwa kubwa?" akaniuliza.

Nikamwambia kubwa sana. Akatikisa kichwa, tukaenda kula.